Mwangaluka Msomaji: Bulabo ni Lini, Banda la Sikukuu, Disko Toto na Senene wa Ukweni

Mwangaluka wapendwa. Mvua imeanza kupiga mabati hapa Mwanza, na kila mwaka ikianza tu barua zote zinazonifikia zinageuka kuwa za sikukuu, maonesho, tamasha, ngoma, nani anakula Krismasi wapi na kwa nauli gani. Nimezisoma zote, nimechukua tano ambazo naona zinawagusa wengi, zilizofanana nimeziunganisha humo humo. Majina siandiki, nataja tu sehemu mtu anakotoka.

Shikamoo dada. Mimi ni mama ntilie hapa Igoma. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili alitupitia mtu akasema kuna tamasha la sikukuu karibu na ziwa, tulipe laki na nusu tupate banda la chakula siku tatu. Nikalipa kwa simu, risiti sikupewa. Siku ya siku nikapangiwa nyuma kabisa, gizani, pembeni ya vyoo, nikarudi nyumbani na sufuria mbili za wali. Mwaka huu natamani kujaribu tena ila roho inasita. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, wali wa sufuria mbili sio kitu cha kusema eti bahati mbaya ukalala, ule ni mtaji wa watoto.

Sasa nisikilize. Kuna maonesho yenye mwenyewe, na kuna tamasha la mtu mwenye spika na turubai. Yenye mwenyewe unayajua, Nane Nane pale Nyamhongolo kila mwaka kilele Agosti 8, kuna Maonesho ya Biashara ya Afrika Mashariki ambayo TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, ndio wanayaandaa hapa Mwanza, na ukivuka kwenda Geita kuna yale ya teknolojia ya madini viwanja vya Bombambili, yalianza 2018 na huwa yanaangukia Septemba kuingia Oktoba. Huko unaenda ofisini, unaongea na mtu uso kwa uso, unaoneshwa ramani ya mabanda, unalipa kwa utaratibu unaoeleweka na karatasi unabaki nayo. Haya ya Desemba mengi ni ya watu binafsi, na sisemi wote ni wabaya, wapo wanaojitahidi kweli, lakini huyo ndiye unayetakiwa kumuuliza maswali mpaka achoke. Kibali cha eneo kimetoka wapi? Mwenyekiti wa mtaa anamjua? Banda langu ni namba ngapi na liko wapi? Akikwambia lipa kwanza utaoneshwa baadaye, mwambie ahsante kaka, nenda zako.

Kabla hujatoa hata mia nenda uwanjani mwenyewe, na uende jioni, saa ile ile ambayo utakuwa unauza. Angalia taa ziko wapi, geti wanaloingilia watu liko wapi, maji unachota wapi. Angalia na upepo, hili wengi wanasahau, mchana kwetu upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukiweka jiko lako upande wa ziwani moshi wote unaenda machoni kwa wateja wako na wanahama kwako wanaenda kwa jirani. Na ni msimu wa mvua huu, uliza turubai linavuja au la, usione aibu kulishika na kulivuta.

Halafu piga hesabu kama mfanyabiashara. Ukilipa 150,000 na kila sahani inakuachia faida ya 1,000, unahitaji kuuza sahani 150 ndipo urudishe tu hela ya banda, yaani sahani 50 kila siku kwa siku tatu kabla hujapata hata ya sabuni. Je, wanafika watu wa kula hivyo? Kama huna uhakika tafuta mwenzako mmoja muaminifu mgawane banda, yeye auze vinywaji wewe chakula, hasara ikija inagawanyika.

Na hapa ndipo nataka nikutie moyo kweli. Wali maharage na chipsi kila mtu anapika. Wewe uko ukanda wa ziwa, uza ziwa! Sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, sangara wa mchuzi, dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri ukawafunga kwenye pakiti ndogo ndogo mtu anatembea anatafuna. Weka na matobolwa. Nimeona watu waliokulia Dar wanashika michembe wanauliza hiki nini, wakionja wanabeba kilo. Kwa wasiojua, vyote ni viazi vitamu, michembe inakatwa vipande mbichi ndio inaanikwa, matobolwa yanachemshwa kwanza ndio yanaanikwa, kwa hiyo matobolwa unaweza kuyatafuna hivi hivi na karanga lakini michembe mpaka uipike, na ukiipika na karanga zilizotwangwa ikaiva vizuri hakuna mtoto anayekataa. Ila vinaanikwa wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti hivi, ukisubiri Desemba ndio utafute utanunua kwa bei ya kuumia. Mwaka ujao nunua mapema uweke gunia ndani.

Dagaa nao wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo angalia mwezi, kama sikukuu inaangukia kwenye mbalamwezi usitegemee kwenda Mwaloni Kirumba siku moja kabla ukute dagaa kwa bei ya kawaida, nunua wiki mbili kabla wakiwa wakavu.

La mwisho, cheti chako cha kupimwa afya kiwe hai, kitembee na wewe kwenye mkoba. Mvua na kipindupindu ni ndugu, maafisa afya wanapita kwenye mikusanyiko na ukikutwa huna wanakufungia siku ile ile ambayo ungeuza. Weka ndoo ya maji ya kunawa yenye bomba na sabuni pale mbele mteja aione akiwa bado anasita, utashangaa inavyovuta watu.

Shangazi habari za Mwanza. Mimi nyumbani ni Magu ila niko Dar miaka kumi na mbili sasa. Kijana wangu ana miaka 9, Kisukuma hajui zaidi ya salamu, ngoma ameona kwenye simu tu. Nimepanga likizo ya Desemba nimlete aone Bulabo pale Bujora, na yule nyoka. Nianze kukata tiketi?

Usikate kwanza mwanangu! Desemba hakuna Bulabo. Nashukuru umeuliza maana kuna baba mmoja wa Mabatini ameniandikia alishakwenda Kisesa, huko huko Bujora, na familia nzima Boksingi Dei akakuta kimya.

Bulabo ni maua kwa Kisukuma, na sikukuu yenyewe imeshikamana na Ekaristi Takatifu, ile Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo inakuja siku 60 baada ya Pasaka. Watu walikuwa wanaandamana na Ekaristi huku njia inapambwa maua, ndio jina likazaliwa hapo. Kwa kuwa Pasaka inahama na yenyewe inahama, mara mwishoni mwa Mei, mara nyingi Juni. Shule za msingi nazo zinakuwa zimefunga au ziko mbioni kufunga kipindi hicho, kwa hiyo ukipanga vizuri kijana hakosi hata kipindi.

Aliyeiunganisha kanisa na ngoma pale Bujora ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, watu wakampa na jina la Fumbuka. Yeye aliona ngoma za Wasukuma sio za kufukuzwa nje ya kanisa. Mpaka leo ukifika unaona kanisa lenyewe limebeba alama za Kisukuma, na makumbusho yanayolizunguka, kuna jengo la ngoma za machifu ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ngoma kubwa kubwa zimepangwa humo, kuna nyumba ya mhunzi, kuna ya mganga. Ni kilomita kama 20 tu kutoka mjini, barabara ya Musoma, unashuka Kisesa unamalizia na bodaboda.

Kuhusu nyoka, hebu mfundishe kijana maana yake kabla hajamuona ili asije akadhani ni sarakasi. Zamani, karne ya 19, walikuwepo manju wawili, yaani viongozi wa ngoma, Ngika na Gumha, kila mmoja ana ngoma yake na dawa zake na wafuasi wake, wakashindana mpaka Usukuma ukagawanyika. Wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Na mashindano yao mimi nayapenda kuliko mashindano yoyote, kwa sababu hakuna jaji kakaa mezani na karatasi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, vimetazamana, uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kukimbilia watakako. Mwenye watu wengi mbele yake ndiye mshindi. Basi. Sasa hapo ndio anatokea chatu, ndio anatokea nungunungu, ndio mtu anapanda juu ya mwenzake na jembe mdomoni, kila mmoja anatafuta kitu cha kuwahamisha watu kutoka kwa mpinzani. Bibi yangu alikuwa mtu wa Bagalu, na mpaka anazeeka ukimsifia ngoma ya Bagika alikuwa anageuza kiti.

Na bugobogobo, ile ya majembe, ilizaliwa shambani. Watu wanalima kwa pamoja, ngoma inapigwa pembeni, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, kazi inaisha hujui imeishaje. Ndio maana nakwambia Desemba hutaipata ya uwanjani. Desemba mvua imenyesha, pamba inapandwa kuanzia katikati ya Novemba, majaruba ya mpunga yanaandaliwa, wacheza ngoma wale wale ndio wakulima, jembe liko mikononi mwao lakini linalima kweli. Ngoma inakuja watu wakishavuna, ghala lina kitu na miguu imepumzika, Juni, Julai, Agosti. Nje ya miezi hiyo huwa ni shughuli maalum, kama Septemba 2021 pale Kisesa kwenye tamasha la utamaduni ambapo Rais Samia alisimikwa na machifu akapewa jina la Hangaya, maana yake nyota ing'aayo. Hiyo haijirudii kila mwaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama tiketi ya Desemba lazima, mpeleke Bujora aone makumbusho kwa utulivu, kuna nafasi ya kuuliza na kushika, piga simu kabla uulize kama wanaweza kukuandalia kikundi, huwa wanaandaa kwa malipo ukitoa taarifa mapema. Halafu mpeleke Magu kwa babu yake akalime siku mbili. Usicheke, nasema kweli, mtoto aliyeshika jembe Desemba akiona bugobogobo Juni anaielewa mwilini. Kisha Juni mrudishe, mkae upande mmoja na babu, muone anakimbilia kwa nani.

Hujambo Shangazi? Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza, nakaa Ilemela. Dada yangu yuko Marekani, ananitumia picha za mwezi wa kumi huko, matamasha ya maboga, majani ya njano, watoto wamevaa kama mizimu, baadaye soko la Krismasi lenye taa. Kamusi inasema huo msimu wao ni vuli. Na sisi tuko kwenye vuli. Mbona kwetu hakuna kitu? Nataka kanisani kwetu tuanzishe tamasha la maboga Oktoba.

Sijambo mwanangu, shikamoo siioni lakini nimeipokea. Swali lako limenifurahisha kwa sababu ya hilo neno.

Vuli yetu ni mvua. Oktoba mpaka Desemba, mvua zile za kwanza, mtu anasema vuli imekuwa nzuri mwaka huu ana maana mahindi yameota. Vuli ya huko wanapotafsiri ni majira ya majani kupukutika, siku zinafupika, miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, njano iliyokuwa imejificha inaonekana, kisha majani yanaanguka kabla ya baridi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua letu linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, mti hauna sababu ya kuogopa Desemba. Neno moja, mambo mawili yaliyopeana mgongo, wao wanavuna na sisi tunapanda.

Ndio maana wana sherehe wakati huo. Maboga yameiva, mahindi yameingia ghalani, Kanada wana siku yao ya kushukuru Jumatatu ya pili ya Oktoba, Marekani wana ya kwao Alhamisi ya nne ya Novemba. Hizo nguo za mizimu ni Oktoba 31, mkesha wa Watakatifu Wote, ina mizizi yake ya zamani sana Ulaya. Na masoko ya Krismasi ni ya Wajerumani, la Dresden lilianza 1434, watu walikuwa wananunua vitu vya kuwavusha kwenye baridi kali. Kila kimoja kina sababu ya pale pale kilipo. Sio kwamba kwetu hakuna kitu, kitu chetu kiko Juni na Agosti, nimetoka kumueleza huyo kaka wa Magu hapo juu.

Boga Oktoba hapa utalitoa wapi? Ndio kwanza watu wanatia mbegu. Ukilazimisha utanunua mawili sokoni kwa bei kubwa mpige nayo picha, basi. Mimi ningekushauri kanisani muanzishe siku ya maembe Desemba, maembe yanajaa kila kona na mengi yanaoza chini ya miti, mkaanike, mkatengeneze achari na juisi, mkauze, hela ikaenda kwa wazee wasiojiweza. Siku ya maboga wekeni mavuno yakianza kuingia, baada ya masika, kila familia ilete boga lake na namna yake ya kupika. Msusa, yale majani ya maboga, unaweza kuanza nao mapema zaidi, majani hayasubiri. Mtumie dada yako picha za hayo naye akawaoneshe wenzake.

Mama, naomba ushauri wa haraka. Niko Nyakato. Binti yangu ana miaka 8, anataka disko toto Krismasi, wenzake wote mtaani wanaenda. Mke wangu anasema tumuache, mimi sitaki kabisa. Nani yuko sahihi?

Baba, hofu yako ina msingi na sitaki mtu akwambie unazidisha. Siku ya Idd mwaka 2008 pale Tabora watoto karibu 20 walikufa kwenye disko toto, ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikaisha, watoto wakakanyagana. Walivaa nguo mpya asubuhi wakaagwa vizuri kabisa na mama zao. Ndio maana karibu kila sikukuu, iwe Idd au Krismasi, unasikia polisi wa mkoa huu au ule wanatoa onyo au wanapiga marufuku kabisa. Kwa hiyo la kwanza, sikiliza tangazo la polisi wa mkoa wetu. Wakisema hakuna, hakuna, na mwenye ukumbi anayefungua mlango wa nyuma asipate mtoto wako.

Kama limeruhusiwa, nenda mwenyewe siku moja kabla. Hesabu milango. Ukumbi wa ghorofani kataa moja kwa moja. Madirisha yenye nondo yote na mlango mmoja mwembamba, kataa. Uliza wanaingiza watoto wangapi, na wakikwambia wanaingia tu hatuhesabu, kataa. Mzazi haruhusiwi kuingia? Kataa hiyo zaidi ya zote. Na kama vyote viko sawa basi aende mchana, uende naye, ukae humo ndani na soda yako mpaka mwisho, saa kumi na moja mnarudi.

Mke wako naye ana neno la kweli. Mtoto hataki disko, anataka kutoka na nguo yake mpya aonekane na wenzake, ukimkatalia bila kumpa kitu kingine atakumbuka tu kwamba Krismasi alifungiwa. Mkusanye na wenzake watatu wanne wa mtaani na mama zao mwende Saanane. Boti inatokea Capripoint, ni mwendo mfupi tu, na kisiwa chenyewe ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kuna pundamilia, kuna swala, kuna pimbi wanaota jua kwenye mawe, watoto wanapanda majabali mpaka wanachoka wenyewe. Jina ni la mzee Saanane aliyekuwa anaishi pale kabla hapajawa pa wanyama. Beba chakula chako, siku ya sikukuu usitegemee kununua.

Boti sasa. Jaketi okozi livaliwe, lifungwe kamba, kila mtoto na lake, lisiwe limekaliwa kama mto. Sisi watu wa ziwa hili hatuna ruhusa ya kusahau. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. MV Nyerere Septemba 20, 2018 pale Ukara, walikufa zaidi ya watu 200, na kile kivuko kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake. Ukiona mtumbwi umejaa na nahodha anaita bado nafasi bado nafasi, shuka na wanao, nauli aibaki nayo. Na kuogelea kwenye majani majani ya ufukweni watoto wasiogelee, kichocho kipo, wakirudi shuleni Januari mtu anakojoa damu ndio mnaanza kuhangaika hospitali.

Shikamoo Shangazi. Nimeoa Muhaya mwaka huu, mimi Msukuma wa Misungwi. Krismasi tunaenda kwao Muleba, mara yangu ya kwanza kukaa ukweni. Wananitania kwamba nitalishwa senene, wale panzi, na nikikataa ndoa haijakamilika. Tupite njia gani, nibebe nini, na hao senene nifanyeje?

Marahaba baba, hongera sana. Utani wa shemeji hauna mwisho, lakini senene watakuwepo kweli, Novemba na Desemba ndio msimu wao wenyewe. Mvua ikishika wanashuka usiku kwa makundi kufuata taa, na ndio maana unaona watu wanawasha taa kali na kusimamisha mabati, senene anagonga bati anateleza anaangukia kwenye pipa chini. Asubuhi familia nzima inakaa kunyonyoa mbawa na miguu, na hiyo ni sherehe tosha, stori zote za mwaka zinamalizwa hapo. Wewe usisubiri kuletewa kwenye sahani. Kaa chini unyonyoe nao. Utajifunza majina ya watoto wote, utaulizwa maswali ya kwenu, na vidole vikishazoea macho nayo yanazoea. Halafu wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi, kitunguu. Anza na mmoja, mtafune haraka usimchunguze. Ladha yake iko karibu na karanga na kamba wa majini, mimi nilikula wa kwanza Bukoba nikiwa msichana na tangu siku hiyo kila Novemba nanunua. Ila kama una mzio wa kamba wa majini au vitu vya namna hiyo, waambie mapema kwa heshima, mwili wako unaweza kuwakataa hata hao, na hakuna mkwe atakayekasirika kwa hilo.

Njia imekuwa rahisi sasa. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, kilomita tatu juu ya maji, unakatiza dakika chache pale ambapo zamani sikukuu tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko tukila mahindi ya kuchoma mpaka tunakinai. Basi zinatokea stendi ya Nyegezi, zinapita Geita, Chato, Biharamulo mpaka Muleba. Kata tiketi wiki tatu kabla, na nauli elekezi ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, uijue kabla hujafika dirishani, wiki ya Krismasi wapo wanaoongeza juu juu. Ukitaka meli, MV Victoria inakwenda Bukoba usiku, mke wako atafurahia mandhari ya asubuhi mnapokaribia Kemondo, lakini mtarudi nyuma kidogo kwa gari kuja Muleba.

Kubeba, muulize mkeo kwanza, yeye ndiye anajua mama yake anapenda nini. Sukari, kitenge kizuri, kwa baba mkwe shati au koti la mvua. Samaki usihangaike, na wao wako kwenye ziwa hili hili. Mimi ningeweka na kilo tatu za mchele wa kwenu Misungwi na mfuko wa matobolwa, kitu ambacho wao hawana nyumbani. Ukifika utapewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa zikakaushwa na magamba yake, pokea kwa mikono miwili, tafuna taratibu. Ndizi na samaki zitafuata, na senene nadhani jioni ya siku hiyo hiyo, kama mvua itakuwa imenyesha mchana.